Udongo Mweusi wa Knoxville: Kuisoma Siku ya Mbio Ukiwa Jukwaani

Mgeni wa mbio za magari ya sprinti, yale magari mepesi ya kukimbia kwenye udongo, utamjua kwa shingo yake. Inalifuata gari linaloongoza, kona hadi kona, mpaka inamuuma. Waliozeekea jukwaani wanatazama chini, kwenye udongo. Gari linaloongoza linakuonyesha aliye mbele sasa hivi. Udongo unakuonyesha atakayekuwa mbele mizunguko kumi ijayo. Haya tunayoyaandika hapa ndiyo ambayo mabenchi ya Knoxville, jimbo la Iowa, Marekani, humfundisha mtu kwa miaka, na mengine humfundisha kwa kumwadhibu.

Knoxville ni mji mdogo ulio kilomita 65 hivi kusini-mashariki ya Des Moines, ukishika barabara namba 5. Wakongo na Warundi wanaozungumza Kiswahili ni wengi Des Moines siku hizi, na kwao hii ni safari ya saa moja hivi. Uwanja uko ndani ya viwanja vya maonyesho vya kaunti ya Marion: njia ya udongo yenye umbo la yai na urefu wa nusu maili, yaani mita 800 hivi. Mashindano makubwa, Knoxville Nationals, yalianza 1961 na hufanyika kila Agosti. Mwaka 2020 korona iliyaahirisha. Steve Kinser ameyashinda mara 12, Donny Schatz mara 11. Lakini kama hujawahi kwenda, usianze na Agosti. Msimu wa joto kuna mbio za kawaida Jumamosi usiku. Viti vipo, foleni ya chakula ni fupi, na udongo ni uleule.

Kwanza gari lenyewe, maana usipolijua udongo hausomeki. Gari la daraja la 410 lina injini ya V8 yenye ujazo wa inchi 410, lita 6.7 hivi, na nguvu za farasi karibu 900. Uzito wake na dereva akiwa ndani ni kama kilo 640. Toyota Noah tupu ni zaidi ya mara mbili ya hapo. Halina stata, halina klachi, halina giaboksi ya kubadilisha gia njiani. Linasukumwa na pikapu mpaka liwake, na hilo peke yake ni jambo la kutazama. Dereva anaingiza gia gari likiwa limesimama. Pikapu linagusa bampa ya nyuma na kuanza kusukuma, magurudumu yanaizungusha injini ambayo bado haijawashwa. Hapo dereva hatazami mbele, anatazama geji ya oili. Presha ikipanda ndipo anapowasha swichi ya magneto, kifaa kinachotoa cheche za kuwasha injini, na kelele inakufikia kifuani kabla ya masikioni. Ukiona gari limesukumwa nusu ya uwanja na halijawaka, mara nyingi mafuta yamezidi kwenye silinda au magneto ina hitilafu. Gari likizima katikati ya mbio bila kusukumwa tena ndio mwisho wake, hata kama halina jeraha lolote.

Mafuta ni metanoli. Yana harufu ya utamu-utamu, nayo huwasha macho ukisimama karibu na gari linalounguruma. Moto wake hauonekani mchana. Ukiwaona wazima moto wanamwagia maji mahali ambapo wewe huoni kitu, moto upo.

Sasa matairi. Ekseli ya nyuma haina difu ya kugawa mwendo, kwa hiyo magurudumu yote mawili huzunguka sawasawa. Mafundi hufunga tairi kubwa kulia na dogo kushoto. Kwenye uwanja wa ukubwa huu, mzingo wa tairi la kulia hufika sentimita 267 hivi, la kushoto likapungua kwa sentimita 30 hivi. Chukua bilauri yenye mdomo mpana na kitako chembamba, iviringishe mezani: itazunguka duara yenyewe. Gari linakunja kushoto kwa namna hiyohiyo, ndiyo maana kwenye njia iliyonyooka dereva anapigana nalo lisikunje. Upepo wa matairi nao ni mdogo ajabu, paundi 6 hivi kushoto nyuma na 10 hivi kulia, ili mpira ulale chini na kushika udongo.

Kilichobaki ni bawa la juu, futi 5 kwa futi 5, linalosukumwa na hewa ili gari likandamizwe chini. Dereva anaweza kulisogeza mbele au nyuma akiwa mwendoni, kwa mkono wa haidroliki ulio ndani. Likumbuke bawa hili. Tutalirudia usiku.

Siku yenyewe huanza mchana. Fika kabla ya saa 9 alasiri. Nje ya kona ya 2 kuna jumba la makumbusho ya mbio hizi, National Sprint Car Hall of Fame & Museum, lililofunguliwa 1992, na jua la Julai likipiga utashukuru kiyoyozi chake kabla hujaanza kushukuru historia. Tazama magari ya zamani yasiyo na bawa wala vizimba vya chuma vya kumkinga dereva, kisha ukikaa jukwaani utaelewa kwa nini wazee pale hawapigi kelele ovyo.

Kiti. Safu za chini zinawavuta wageni kwa sababu ziko karibu na magari. Ukikaa huko, wavu wa chuma unakukata macho, njia ya upande wa pili huioni, na madonge ya udongo yanakuangukia. Panda juu kadiri tiketi inavyoruhusu. Wengi wetu tunapenda upande wa kuingilia kona ya 1, kwa sababu hapo ndipo anayetaka kupita hujitosa. Kabla ya kukaa tazama bendera zinapepea kuelekea wapi. Upepo ukivuma kutoka njiani kuja kwako, jiandae kula vumbi tangu saa 2 usiku. Kwenye viwanja vingine ambavyo viti havina namba, kama Williams Grove kule Pennsylvania, watu hutandika blanketi kwenye benchi mapema na kuondoka. Benchi lenye blanketi lina mwenyewe. Usilisogeze hata sentimita.

Mavazi: fulana ya rangi ya giza, kofia, miwani ya kawaida inayofunika macho vizuri (hata ya fundi wa kuchomelea vyuma inafaa, mradi kioo chake ni cheupe), na koti jepesi la mvua. Usilete mwavuli. Ukiufungua, safu tatu za nyuma yako hazioni kitu, nao watakwambia. Mvua ikija tunza tiketi yako, maana mbio zikiahirishwa hiyo ndiyo haki yako ya kurudi.

Masikio hayana mjadala. Vizibo vya sponji vinatosha kwa mtu mzima, lakini wengi huvichomeka vibaya na kudhani havifanyi kazi. Kisokote kizibo kwa vidole mpaka kiwe chembamba kama kalamu, vuta sikio juu na nyuma kwa mkono mwingine, kichomeke, kisha kishikilie kwa kidole kama nusu dakika kifumuke ndani. Ukikiachia mapema kitajitokeza chenyewe na utasikia kila kitu. Watoto wavae vifunika masikio vya kichwani, na mdogo kabisa aachwe nyumbani. Anayetaka kufuata mambo kwa undani huleta redio ndogo ya kunasa mawasiliano. Kila dereva ana kipokezi sikioni kinachomletea sauti ya waamuzi tu, naye hawezi kujibu. Mara nyingi masafa ni 454.000 MHz. Utajua nani amerudishwa nyuma na kwa nini, wakati jirani zako bado wanabishana.

Chakula ni cha Iowa. Nyama ya nguruwe iliyopondwa ikawa pana kuliko mkate wake, ikakaangwa, ndiyo fahari yao. Asiyekula nguruwe atafute taco ya kutembea: mfuko mdogo wa chipsi za mahindi unapasuliwa ubavuni, nyama ya ng'ombe ya kusaga inamwagwa humo humo, juu yake jibini na saladi, unakula kwa uma ukiwa umesimama. Kula kabla magari hayajatoka. Ukichelewa utakula na udongo.

Kazi ya udongo huanza mapema kuliko mbio. Maboza ya maji hupita mchana, greda na rola zinafuata. Udongo wa Knoxville ni mweusi na unanata. Aliyewahi kukwama Mwea kule Kenya au kwenye udongo wa mbuga wakati wa masika hahitaji maelezo zaidi. Jioni magari ya mbio yenyewe hutoka na kuzunguka polepole, na mgeni huuliza mbona hawakimbii. Wanashindilia. Matairi mapana yanakandamiza matope mpaka yawe sakafu, na wakati huohuo injini zinapata moto. Wakirudi piti, yaani eneo la mafundi, kila gari limebeba kilo za matope, na mafundi wanayakwangua kwa vipande vya plastiki kila kona ya chuma. Uzito huo wakiuacha, kasi inaondoka nao.

Donge likikuangukia miguuni, usilipige teke. Liokote ulibonyeze. Likishikana likaacha alama za vidole vyako, na ukilisokota likawa kamba bila kukatika, njia ina maji ya kutosha na mbio za mwanzo zitakuwa za kukanyaga mafuta mpaka chini bila kuachia. Likipasuka pembeni, maji yanaondoka. Likiwa unga, anza kutazama sehemu ya juu ya kona, yaani upande wa nje, maana huko ndiko kila mtu atakakohamia.

Kisha huja majaribio ya muda. Kila gari hupewa mizunguko 2, na mzunguko mzuri ni wa sekunde 15 hivi, yaani wastani wa karibu kilomita 190 kwa saa kwenye njia ambayo nusu yake ni kona. Hapa ndipo wengi hudanganyika. Zamu hupangwa kwa kura. Anayetoka mapema anapata udongo wenye unyevu na kasi kubwa. Kila gari linalopita linaukausha kidogo, na wa mwisho anapewa mabaki. Kwa hiyo usiandike majina ya walioshika nafasi za juu peke yake, andika na zamu zao. Aliyetoka wa 40 akapata nafasi ya 8 ana gari zuri kuliko aliyetoka wa 3 akapata nafasi ya 2. Usiku utakuja kumkumbuka.

Alama nyingine ni gurudumu la kushoto mbele. Udongo ukishika vizuri, gari linapotoka kona linalalia upande wa kulia nyuma na gurudumu hilo linaning'inia hewani, juu kabisa, kama mguu wa mbwa kwenye nguzo. Siku hiyo ikifika wakati magurudumu ya kushoto hayanyanyuki tena, mshiko umekwisha. Sikiliza na injini. Kwenye unyevu mlio ni mmoja, mzito, hauvunjiki. Njia ikikauka utausikia mlio ukikatika-katika katikati ya kona: dereva anapapasa mafuta ili magurudumu yasizunguke bure.

Raundi za mchujo ni fupi na za vurugu, kwani mara nyingi wenye kasi hupangwa nyuma ili wapite watu. Wasiofuzu moja kwa moja hupangwa katika fainali ndogo zenye majina ya herufi, E, D, C, B, na wachache wa juu wa kila moja hupanda ngazi. Agosti unaweza kumwona mtu akitokea C akaingia B akaishia palepale, amechoka kama aliyelima. Choo nenda wakati wa majaribio ya magari ya daraja dogo, yale yenye injini ndogo. Usiende kabla ya fainali, hata kama spika zinasema ni mapumziko, kwa sababu wakati huo boza hurudi njiani na hapo ndipo fainali inapoandikwa. Tazama maji yanamwagwa wapi. Wakiloweka chini peke yake, njia ya ndani itafufuka na kutakuwa na njia mbili za kupita. Wakigusa juu kidogo na kuliacha eneo la katikati, litang'aa kama sakafu iliyopigwa nta na hakuna atakayelitaka. Na jua la Iowa likishazama, baada ya saa 2 usiku, udongo hupoa na unyevu wa chini hupanda wenyewe. Njia iliyoonekana imekufa saa 1 inaweza kuamka saa 4.

Mafundi nao wanausoma udongo huohuo. Tembeza macho piti kabla ya fainali: wengine wanachanja matairi kwa kisu cha moto ili mpira upoe na ushike, wengine wamefungua mfuniko nyuma ya ekseli na kubadilisha jozi ya gia, kazi ya dakika chache. Timu ikihangaika mpaka pikapu linakuja kuchukua gari, haijaamua bado, na dereva wake atakuwa anajaribu bahati.

Fainali ni mizunguko 20 au 25 Jumamosi ya kawaida, 50 usiku wa mwisho wa Agosti. Kufikia hapo matairi yameufagia udongo uliolegea ukarundikana juu ya kona, ukawa tuta. Dereva anaegemeza tairi lake la nyuma la kulia kwenye tuta hilo na kulitumia kama ukuta. Gari linasimama kwenye mshiko ambao katikati haupo. Ndiyo njia ya kasi zaidi, na ndiyo inayovunja magari. Akiingia chini mno ya tuta, anateleza. Akiingia juu mno, tairi la nyuma linavuka tuta, gari linazama upande wa pili, linapoteza nafasi tatu. Tairi la mbele la kulia likichimba kwenye tuta au kwenye shimo, gari linajikwaa na kupinduka. Ajali nyingi unazoziona kona ya 3 na 4 zimetokana na sentimita chache tu. Ukiona tuta limesogea mpaka karibu na ukuta, ujue hakuna tena nafasi ya kukosea.

Kupita kwenyewe ni ustadi wa kipekee, nao huitwa slaida. Aliye nyuma anaingia kona kwa ndani, kwa kasi kubwa kuliko inavyofaa, anaacha gari liteleze kwenda juu mpaka linasimama mbele ya pua ya mpinzani. Watazamaji wanaruka. Usiruke bado. Mpinzani mzoefu anaachia mafuta nusu sekunde, anamwacha apite mbele yake, kisha anakata kushoto chini ya mkia wake na kutoka kona akiwa mbele tena. Slaida haihesabiwi mpaka wafike katikati ya njia iliyonyooka.

Hapo ndipo lile bawa linaporudi. Mafuta yakipungua na njia ikikauka, dereva hulirudisha bawa nyuma polepole ili kuyakandamiza magurudumu ya nyuma. Mzunguko wa 8, linganisha wawili wa mbele. Ambaye bawa lake liko nyuma kabisa ameshatumia akiba yake yote. Ambaye bawa lake bado liko katikati ana cha kuongeza. Ndani ya uwanja mafundi husimama na vijiti viwili vyenye taa: vikikaribiana, mtu yuko mkiani mwako, vikielekezwa juu au chini, hamia huko. Wakati mwingine utaona vijiti vinamwelekeza juu na dereva anang'ang'ania chini mizunguko mitano, na jukwaa zima linamzomea mtu asiyesikia.

Jambo moja linaharibu usiku na halina dawa: mpira. Njia ikikauka mno, matairi yanaacha mstari mweusi wa mpira juu ya udongo. Mshiko wote unakuwa humo, upana wa gari moja, na wote wanafuatana kama msafara wa siafu. Ukiuona mstari huo acha kutarajia kupitana. Tazama tairi la kulia nyuma la anayeongoza, kwa sababu mpira hula mpira, na likianza kuonyesha weupe katikati litapasuka kabla ya bendera.

Bendera nyekundu ikipepea, magari yote husimama. Watu hapa wana adabu yao: kimya. Hakuna anayepiga picha aliyepinduka mpaka atoke. Akitoka kwa miguu yake, jukwaa zima hupiga makofi, hata wale waliomzomea dakika mbili zilizopita. Wewe fanya hivyohivyo. Na wakati wowote mbio zikiendelea usisimame kwenye uzio wa kona kutafuta picha nzuri. Gurudumu likichomoka halichagui.

Baada ya bendera ya mwisho piti hufunguliwa kwa watazamaji, na hii ndiyo sehemu ambayo wageni wengi huikosa kwa kukimbilia foleni ya magari. Teremka. Madereva husimama kwenye matrela yao, nyuso nyeusi isipokuwa mahali helmeti ilipofunika, wakisaini fulana. Chini ya gari utaona vipande vya plastiki nyembamba: hizo ni ngozi za kioo cha helmeti, ambazo dereva huchuna moja baada ya nyingine kila udongo unapomziba macho. Mtoto akitaka kukaa kwenye usukani, omba kwanza, umpitishe mbali na mabomba ya moshi. Yanabaki ya moto muda mrefu kuliko unavyodhani, na kingo za bawa hukata.

Ukifika kwenye gari lako, kioo cha mbele kitakuwa na utando wa unga mweusi. Usiwashe waipa kikiwa kikavu, utakichora. Mwaga chupa ya maji kwanza. Kisha shika barabara namba 5 polepole, taa zikiwa wazi, kwa sababu usiku kulungu hukatiza hapo bila bendera ya mtu.